Klachi ya Massey Ferguson 135: Ipime Kabla ya Kutenganisha Trekta, Kisha Itengeneze Mara Moja

Wanaouliza kuhusu klachi ya Massey 135 huja na habari zinazofanana. Klachi ilianza kuteleza, trekta likatenganishwa, pleti (sahani ya klachi) mpya ikafungwa, na kabla msimu wa kulima haujaisha injini inanguruma tena huku magurudumu yamesimama. Pleti inalaumiwa kuwa feki. Kuna wakati ni feki kweli. Mara nyingi zaidi pleti ilikuwa nzima, ikauawa na kilekile kilichoua ile ya kwanza: oili inayovuja nyuma ya injini, pedeli isiyo na plei (mchezo wa bure), flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) iliyoungua, au shafti iliyolazimishwa kuingia kwa kukaza bolti.

Kwa hiyo kazi hii ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kupima, na haihitaji kufungua kitu chochote kikubwa. Nusu ya pili ni kutenganisha trekta, na ukishalitenganisha usiondoke mle ndani mpaka umeshughulikia kila kitu kinachoweza kuua klachi mpya.

Maelezo haya ni ya 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Massey 35 na 240 ni ndugu zake, na mwendo wa kazi ni uleule, ila sehemu na vipimo vinaweza kutofautiana. Vipimo vya kukaza bolti na kimo cha vidole vya klachi (vyuma vidogo vinavyosukumwa ili klachi iachie) visomwe kwenye kitabu cha modeli yako, si kwa kukisia.

## Vifaa vya kuandaa

Usianze kufungua huku hujakamilisha orodha hii. Trekta lililokatwa katikati likikaa wiki nzima kusubiri spana linapata kutu kwenye flaiwili, na watu huanza kupita karibu na nusu mbili zilizosimama kwenye magogo.

- Spana na soketi za inchi: 9/16, 5/8, 3/4 na 15/16 ndizo zitakazofanya kazi nyingi. Spana za milimita zinakaribia, lakini zinakula vichwa vya bolti.
- Jeki ya magurudumu yenye nguvu, na stendi imara za chuma. Cheni bloku iliyofungwa kwenye boriti inayoaminika inasaidia sana.
- Mbao ngumu, na kabari mbili za mbao za kuzuia ekseli ya mbele. Kabari hizi ni za lazima. Sababu yake iko Hatua ya 7.
- Bolti mbili ndefu zilizokatwa vichwa, zenye nyuzi sawa na bolti za nyumba ya klachi. Hizi ndizo zitakazoongoza nusu mbili zirudiane.
- Kipimo cha kuweka pleti katikati. Shafti ya zamani ya gia inafaa, au kipande cha mti mgumu kilichokerezwa.
- Fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), rula ya chuma iliyonyooka, na spana ya kupima nguvu ya kukaza.
- Rilizi beringi (ile inayosukuma vidole vya klachi), beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, sili ya nyuma ya injini na gasketi zake, na sili ya shafti ya gia.
- Grisi, vitambaa, ndoo ya maji yenye sabuni, na barakoa.

Klachi yenyewe sijaiweka kwenye orodha makusudi. Nunua baada ya kufungua. Matrekta ya umri huu yamepita mikono mingi, na ndani unaweza kukuta klachi ya ukubwa usiotarajia. Ukifika kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ukasema tu "nipe klachi ya 135," utapewa mojawapo, na inaweza isiwe yako. Nenda na pleti ya zamani mkononi.

## Jua kwanza una klachi ya aina gani

Kuna 135 zenye klachi moja, na kuna zenye klachi mbili zilizofungwa kwenye nyumba moja. Kwenye klachi mbili, pedeli ikishuka nusu inakata mwendo wa trekta peke yake. PTO (shafti ya nyuma inayozungusha mashine) inaendelea kuzunguka na mikono ya nyuma ya kuinulia zana inaendelea kuinuka. Ukishusha pedeli hadi chini, PTO nayo inakata. Kwa kuwa pampu ya haidroliki ya trekta hili inazungushwa na shafti ya PTO, mikono nayo inapoteza nguvu.

Kujua ni rahisi. Ondoa zana yoyote nyuma, watu wakae mbali, gia iwe nyutro, PTO iwe imeunganishwa, injini iwe kwenye sailensa (mwendo wake wa chini kabisa). Shusha pedeli polepole. Kama unahisi ngazi mbili, ya pili nzito kuliko ya kwanza, na shafti ya PTO haisimami mpaka pedeli ifike chini, una klachi mbili. Kama hakuna ngazi ya pili, na PTO inakatwa pale pale klachi inapokata, una moja.

Hili ni la muhimu kwa sababu klachi mbili zina pleti mbili, na pleti mbili zinaweza kufa kwa nyakati tofauti.

## NUSU YA KWANZA: KUPIMA

### Hatua ya 1: Pima plei ya pedeli

Zima injini. Sukuma pedeli kwa mkono, si kwa mguu. Mwanzoni inapaswa kushuka kidogo bila upinzani wowote isipokuwa wa springi yake ya kurudisha, kisha uhisi inagota kwenye kitu kizito. Sehemu hiyo nyepesi ndiyo plei.

Kama hakuna plei, rilizi beringi inaegemea vidole vya presha pleti (sahani yenye springi inayobana pleti kwenye flaiwili) muda wote, hata ukiwa umeondoa mguu. Presha pleti haibani kikamilifu, klachi inateleza, inapata joto, inaungua. Kadiri pleti inavyolika ndivyo vidole vinavyosogea nyuma na plei inavyozidi kupungua, kwa hiyo trekta lililorekebishwa sawasawa mwaka juzi linaweza kuwa halina plei leo bila mtu kuligusa.

Kama plei ni kubwa mno, pedeli inafika chini kabla klachi haijakata, na gia zinalia.

Rekebisha kwa kulegeza bolti inayobana mkono wa shafti ya klachi, upande wa pedeli, kisha kaza upya ukiwa umeiweka pedeli mahali panapofaa. Kama huna kitabu karibu, acha plei isiyopungua upana wa kidole gumba kwenye pedeli, na ukipata kitabu urekebishe kwa kipimo chake.

Umefaulu ikiwa: pedeli inacheza bure kidogo, inarudi juu yenyewe bila kukwama, na tatizo limepungua au limekwisha. Likiisha hapa, huna haja ya kutenganisha kitu. Fanya kazi siku chache, kisha pima tena.

### Hatua ya 2: Jaribio la kuteleza

Hakikisha kwanza breki zinashika, maana jaribio hili linazitegemea. Trekta liwe sehemu tambarare, mbele pawe wazi, asisimame mtu mbele wala nyuma.

Washa, weka gia ya juu, kanyaga breki zote mbili kwa nguvu, ongeza mafuta kidogo juu ya sailensa, kisha achia klachi taratibu. Klachi nzima itazima injini. Injini ikishuka kidogo tu halafu ikaendelea kunguruma, klachi inateleza.

Usirudie mara tano ili kuwaonyesha majirani. Kila jaribio linachoma pleti.

Kuna mtego mmoja hapa. Baadhi ya 135 zina Multi-Power, ule mkono wa kubadilisha mwendo mkubwa na mdogo bila kukanyaga klachi. Ndani ya giaboksi kuna klachi yake nyingine inayofanya kazi kwenye oili. Kama trekta linateleza mkono ukiwa kwenye mwendo mkubwa tu, na kwenye mwendo mdogo linavuta vizuri, ugonjwa uko kwenye Multi-Power. Kutenganisha injini na giaboksi ili kubadilisha pleti hakutasaidia lolote. Anza na kiwango na hali ya oili ya giaboksi.

### Hatua ya 3: Jaribio la kukata

Injini kwenye sailensa, gia nyutro. Shusha pedeli hadi chini, subiri kidogo ili shafti isimame, kisha ingiza gia ya kwanza. Ikiingia kimya, klachi inakata. Ikilia, au trekta likijisogeza wakati pedeli iko chini, klachi haikati.

Kutokata kuna sababu nyingi kuliko kuteleza: plei kubwa, uma wa rilizi uliochoka au pini zake zilizokatika, vidole visivyolingana kimo, pleti iliyopinda, beringi ya katikati ya flaiwili iliyoganda na kuizungusha shafti, au pleti iliyoshikamana na flaiwili kwa kutu.

### Hatua ya 4: Kama trekta lilisimama muda mrefu, jaribu kuinasua pleti

Trekta lililolala nje masika nzima likaamka halikati hata kidogo mara nyingi lina pleti iliyoganda. Hilo halihitaji spea.

Shusha pedeli na uizuie chini kwa kipande cha mti kilichopimwa kati ya pedeli na kiti. Iache hivyo usiku kucha. Kesho yake, huku pedeli ikiwa bado imeshushwa, washa injini kwenye nyutro mpaka ipate moto, kisha jaribu gia.

Ikikataa, zima injini, vuta kitufe cha kuzimia, weka gia ya juu, pedeli iwe chini, na trekta jingine livute hili polepole kwa mnyororo mrefu kwenye uwanja wazi. Anayeliendesha awe tayari na breki. Magurudumu yatazungusha pleti wakati injini inaikatalia, na kutu itaachia kwa mshtuko mdogo unaousikia kwenye mwili wa trekta.

Onyo: usiunganishe waya ili kuwasha trekta hili likiwa kwenye gia. Swichi ya usalama kwenye mkono wa gia iliwekwa ili trekta lisiruke juu ya mtu, na waliokufa kwa kuwasha trekta wakiwa wamesimama chini mbele ya gurudumu la nyuma ni wengi.

### Hatua ya 5: Sikiliza na chungulia

Kelele inayoanza pedeli inapoguswa na kuisha unapoachia ni ya rilizi beringi. Kelele inayokuwepo pedeli ikiwa chini na gia ikiwa ndani ni dalili ya beringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Kelele isiyobadilika kabisa kwa pedeli iko kwingine.

Trekta likitetemeka linapoanza kuondoka, fikiria oili kwenye pleti au flaiwili yenye mabaka.

Halafu lala chini utazame sehemu ya chini ya nyumba ya klachi. Kuna tundu dogo lenye spliti pini inayoning'inia. Tundu hilo limewekwa ili oili itoke badala ya kujaa ndani, na mara nyingi limezibwa na tope. Chomoa pini, safisha, na uweke karatasi nyeupe chini usiku mzima.

- Oili nyeusi na nyepesi: sili ya nyuma ya injini imechoka.
- Oili ya rangi ya asali au kahawia: inatoka giaboksi, kwenye sili za shafti.
- Vumbi kavu jeusi: pleti inalika, lakini hakuna mvujo.

Andika ulichokiona. Ukikuta oili, pleti peke yake haitakuponya.

Kwa mwenye klachi mbili, kuna dalili za pleti ya PTO. Trekta linavuta jembe bila shida, lakini likiendesha mashine ya kupukuchua mahindi shafti inapungua kasi huku injini haijashuka, au mikono inainuka kwa kusitasita. Pleti hiyo ina bolti zake za marekebisho kwenye presha pleti. Kama nyumba ya klachi ina kifuniko cha ukaguzi, zinafikiwa kutoka hapo kwa fila geji. Rekebisha zote kwa kipimo kimoja cha kitabu kabla hujaamua kutenganisha.

## NUSU YA PILI: KUTENGANISHA

Tenga siku mbili na mtu wa pili. Usifanye peke yako. Sakafu iwe ya saruji au udongo mgumu ulioshindiliwa, kwa sababu jeki ikizama upande mmoja kazi yote inapinda.

### Hatua ya 6: Ondoa kila kinachovuka mpaka

Ondoa waya wa betri kwanza. Shusha mikono ya haidroliki. Funga bomba la mafuta kwenye tangi.

Kisha fuata mpaka kati ya injini na nyumba ya klachi kwa macho, pande zote, na ufungue kila kinachouvuka: nyaya za stata na za dashibodi, kebo ya mita, fimbo ya mkono wa mafuta, kebo ya kuzimia, bomba za usukani wa haidroliki kama zipo, na bomba la moshi likiwa linazuia. Fimbo ndefu za usukani, moja kila upande, zifungue mbele. Kama ekseli yako ina vyuma vya kuishikilia vinavyorudi nyuma, navyo vifungue.

Piga picha kila waya kabla ya kuuchomoa. Dashibodi ya trekta la miaka hamsini haina rangi za waya zinazofanana na za kitabu.

### Hatua ya 7: Zuia ekseli ya mbele

Hapa ndipo watu huumia. Ekseli ya mbele ya trekta imeshikwa na pini moja katikati ili iweze kuyumba shambani. Trekta likiwa zima, giaboksi na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoizuia injini isilale upande. Ukishaikata, injini nzima imesimama juu ya pini moja, kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja.

Piga kabari za mbao kati ya ekseli na kishikizo cha mbele, kulia na kushoto, mpaka ekseli isiweze kucheza hata ukiitikisa. Weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kisha weka stendi chini ya giaboksi, na jeki ya magurudumu chini ya sampu (bakuli la oili la injini) ikiwa na ubao mnene katikati.

Umefaulu ikiwa: watu wawili wakisukuma injini kutoka upande, haitikisiki.

### Hatua ya 8: Tenganisha

Toa bolti mbili za pande tofauti na uweke mahali pake zile ndefu zilizokatwa vichwa. Ndipo utoe zilizobaki. Andika kila bolti ilikotoka, kwa kuwa urefu unatofautiana.

Rekebisha jeki mpaka bolti za kuongozea zisiwe zimebanwa juu wala chini. Sukuma nusu ya mbele iende mbele taratibu, mmoja akifuata na jeki. Ikigoma, usitumie baa kati ya nyuso mbili, maana utapasua chuma cha kutupwa. Kuna bolti au waya umesahau. Utafute.

Nafasi ya kama nusu mita inatosha. Weka stendi pande zote mbili mara moja. Usiweke mwili wako kati ya nusu mbili zilizoshikwa na jeki peke yake.

### Hatua ya 9: Toa klachi

Pleti za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu bila tiba. Usipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Vaa barakoa, lowesha kwa maji yenye sabuni, pangusa, na vitambaa uvitupe vikiwa vimelowa.

Tia alama ya patasi kwenye presha pleti na flaiwili. Legeza bolti kwa zamu, kila moja nusu mzunguko, ukivuka upande hadi upande. Ukifungua moja yote kwanza, springi zitapindisha kifuniko.

Klachi mbili usizifungue ndani yake ukiwa huna kifaa cha kuzikandamiza. Springi zile zinaweza kuvunja mkono. Nunua presha pleti kamili au mpelekee fundi mwenye presi.

### Hatua ya 10: Soma kilichokufa

Kabla ya kwenda dukani, tazama. Pleti yenyewe inakwambia sababu.

Nyuso zinazong'aa na zenye mafuta: mvujo. Pleti nyembamba pande zote sawasawa mpaka rivet zikagusa chuma: uzee, au mguu uliokaa kwenye pedeli. Pleti iliyoungua nyeusi, flaiwili ya bluu: imetelezeshwa kwa muda mrefu, pengine kwa kukosa plei. Upande mmoja umelika zaidi ya mwingine: flaiwili au presha pleti imepinda. Kitovu cha pleti kilichopasuka: nusu mbili zilivutwa kwa bolti wakati wa kufunga mara iliyopita.

Pima upana wa pleti, hesabu meno ya kitovu, na uende navyo dukani. Kwenye klachi mbili fanya hivyo kwa pleti zote mbili, kwa kuwa meno yake si sawa: shafti ya mwendo inapita ndani ya shafti tupu ya PTO.

### Hatua ya 11: Flaiwili na beringi yake

Pitisha ukucha kwenye uso wa flaiwili. Mikwaruzo inayokamata ukucha, mabaka ya bluu na nyufa ndogo zinataka karakana ya kukereza. Mwambie fundi kereza hivi: kama flaiwili ina ngazi kati ya uso unaoguswa na pleti na uso unaofungwa presha pleti, apunguze nyuso zote mbili kwa kiasi kilekile. Akipunguza mmoja tu, presha pleti haitabana sawa, na pleti mpya itateleza au haitakata. Ufa mrefu hauna tiba ya kukereza. Tafuta flaiwili nyingine.

Beringi ndogo ya katikati badilisha hata kama inazunguka vizuri. Bei yake ni ndogo, na kuifikia tena ni kutenganisha trekta upya. Kuitoa, jaza tundu lake grisi, chomeka fimbo ya chuma inayobana kwenye tundu, na upige kwa nyundo. Grisi itaisukuma kutoka nyuma.

### Hatua ya 12: Sili

Sili ya nyuma ya injini hii kwa kawaida ni ya kamba, imewekwa kwenye vikombe viwili vya nusu duara. Flaiwili lazima itoke. Loweka kamba mpya kwenye oili safi ya injini, ilaze kwenye mfereji wake ukianza na ncha mbili kisha katikati, na uikandamize kwa fimbo ya duara. Ncha zitokeze kidogo juu ya vikombe. Ukizikata zikawa sawa na chuma, patakuwa na mwanya na oili itapita hapo hapo.

Upande wa giaboksi, badilisha sili ya shafti ukiwa na nafasi. Funika meno ya shafti kwa karatasi laini ya plastiki ili yasikate mdomo wa sili unapoipitisha.

Nimelikazia hili kuliko pleti yenyewe, na ndivyo inavyostahili. Klachi kavu ya 135 inayotumiwa vizuri inadumu miaka. Iliyolowa haimalizi msimu.

### Hatua ya 13: Uma na rilizi beringi

Shika uma wa rilizi na uutikise. Ukicheza kwenye shafti yake, pini au bolti za kubana zimechoka. Kagua ncha zake. Zikiwa zimechimbika, pedeli itafika chini bila kusukuma vya kutosha hata klachi ikiwa mpya.

Rilizi beringi mpya usiioshe kwa petroli. Imefungwa na grisi yake ndani, na petroli itaitoa yote. Iingize kwenye kishikio chake kwa presi au kwa soketi inayokaa kwenye pete inayobanwa, kamwe usigonge upande unaozunguka.

### Hatua ya 14: Funga klachi

Safisha mafuta ya kiwandani kwenye presha pleti mpya na flaiwili. Mikono yako iwe safi. Kidole kimoja chenye grisi kinatosha kufanya trekta litetemeke.

Jaribu pleti kwenye meno ya shafti ya gia: iteleze huru mbele na nyuma bila kulegea pembeni. Paka grisi nyembamba kwenye meno, kisha pangusa. Grisi iliyozidi itarushwa na kutua kwenye pleti.

Soma alama ya upande unaotazama flaiwili. Kama haina alama, iweke kwenye flaiwili kwa mkono na uizungushe. Ikigusa vichwa vya bolti za flaiwili, umeigeuza.

Chomeka kipimo cha katikati. Kwenye klachi mbili, pleti zote mbili lazima ziwe katikati kwa wakati mmoja, kwa hiyo kipimo chako kiwe na ngazi mbili za unene. Kaza bolti kwa zamu, na mwisho kwa kipimo cha kitabu.

Weka rula ya chuma juu ya vidole vitatu. Vyote viguse. Kimoja kikiwa chini ya vingine, klachi itavuta upande na gia zitalia. Rekebisha sasa.

Umefaulu ikiwa: kipimo cha katikati kinatoka na kuingia kwa vidole viwili vya mkono bila kulazimisha.

### Hatua ya 15: Rudisha nusu mbili

Weka giaboksi kwenye gia. Sukuma nusu ya mbele irudi juu ya bolti za kuongozea, ukitazama mwanya kati ya nyuso: uwe sawa juu, chini, kulia na kushoto. Mwanya wa juu ukiwa mkubwa kuliko wa chini, jeki ina kosa. Rekebisha jeki, usisukume.

Meno yakigusana bila kuingia, mtu wa pili azungushe injini kidogo kidogo kwa nati ya puli ya mbele. Kwenye klachi mbili, unganisha PTO na uzungushe shafti ya nyuma kwa mkono ili meno ya pleti ya pili nayo yajipange.

Hapa ndipo uvumilivu unapolipwa. Kukiwa kumebaki mwanya wa sentimita moja au mbili, kishawishi cha kuweka bolti na kuzivuta ni kikubwa. Usifanye hivyo. Utapasua kitovu cha pleti, utapindisha shafti, au utavunja sikio la nyumba. Vuta nyuma, zungusha injini, rudi.

Umefaulu ikiwa: nyuso mbili zimegusana pande zote kwa kusukumwa na mikono. Ndipo bolti zinakazwa.

### Hatua ya 16: Rekebisha kabla ya kuwasha

Rudisha nyaya, fimbo za usukani na kebo kwa kufuata picha zako. Toa kabari. Weka plei ya pedeli kama Hatua ya 1, kwa kipimo cha kitabu, maana klachi mpya haina uhusiano na marekebisho ya zamani. Rudisha spliti pini kwenye tundu la chini, ikicheza huru.

Washa kwenye nyutro. Sikiliza dakika chache. Rudia jaribio la kukata, halafu la kuteleza mara moja tu. Kama una klachi mbili, angalia kwamba pedeli ikiwa nusu mikono bado inainuka.

### Hatua ya 17: Siku za kwanza

Usianze na jembe la sahani tatu kwenye udongo mkavu. Anza na tela tupu au kazi nyepesi, ukiachia klachi kikamilifu kila mara, ili nyuso zizoeane. Mwambie dereva asiweke mguu juu ya pedeli akiwa anatembea, na asilishikilie trekta kwenye mteremko kwa klachi. Kama anayeendesha si wewe, kaa naye nusu siku shambani umtazame mguu wa kushoto.

Baada ya saa chache za kazi pima plei tena, kwa kuwa pleti mpya hulika haraka kidogo mwanzoni. Baada ya wiki, chomoa ile spliti pini, weka karatasi nyeupe chini usiku mzima. Karatasi ikiamka kavu, rudisha pini na ulifunge jembe.